Behewa la Risasi na Daftari Lililojaa Kupita Kiasi

Kaunta buku lile nililinunua sokoni Mpanda, la kwaya tatu, jalada gumu. Nililijaza kwa wiki tatu, usiku baada ya usiku, watoto wakishalala: ramani ya stesheni, ratiba ya treni, orodha ya vibarua wa mgodini, nasaba ya machifu watatu niliowatunga mwenyewe, bei ya debe la mpunga, hata upande ambao stesheni masta huulazia kofia yake. Siku ya mchezo ilipofika tukatumia nusu ukurasa. Na hiyo nusu yenyewe ilieleweka ndivyo sivyo.

Mchezo ninaousema si wa kompyuta, wala si wa kubeti. Watu wanne watano wanakaa kuizunguka meza. Sisi tulikaa mkekani, uani kwangu Makanyagio. Mmoja ndiye mwendeshaji. Kazi yake ni kueleza wenzake wako wapi, nani amesimama mbele yao na nini kinasikika, kisha anauliza: mnafanyaje? Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, mwindaji, mganga, karani, yeyote yule, naye humsemea na kumwamulia. Palipo na mashaka, kama mwindaji atapata shabaha au atakosa, dadu hutupwa. Hakuna mshindi. Kikao kinakwisha kwa sababu chakula kimeiva au mama wa mtu amepiga simu, na hadithi inaendelea Jumamosi nyingine. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatoka mwaka 1974, mwaka uleule ambao Katavi ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Sadfa hiyo haina maana yoyote, lakini wapwa zangu waliipokea kama ishara.

Wao ndio walioniletea balaa hili. Mmoja anasoma Dar es Salaam, alirudi likizo na kanuni za mchezo kwenye simu, akaniambia, "Mjomba, wewe ndiye unayejua kusimulia, utuendeshee." Sifa kama hizo humponza mtu mzima. Mfululizo mrefu wa vikao wenyewe wanauita kampeni, neno ambalo kwetu lina harufu ya fulana, kofia na msafara wa bodaboda, kwa hiyo mimi nitasema mfululizo tu. Na swali lililonikosesha usingizi wiki zile tatu ndilo linalowasumbua waendeshaji kila mahali: uandae mambo kiasi gani kabla wachezaji hawajaketi?

Niliamua hadithi yetu itokee Mpanda ya miaka ya 1950. Mji huu una asili inayofaa hadithi kuliko wenyewe tunavyojua. Reli inayotoka Kaliua kuja huku haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ililazwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata madini ya risasi ya Uruwira, na mji ukaota pembeni yake kama uyoga pembeni ya gogo. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, watu wakabaki, na hapa ndipo inapoishia. Ukishapita stesheni yetu hakuna chuma tena, ni njia za miguu na barabara. Nilitunga kisa kimoja: usiku fulani mwaka 1954, behewa lenye shehena ya risasi linatoweka kati ya mgodi na stesheni, na wachezaji, watu wa kawaida tu, wanatakiwa kulipata kabla treni ya alfajiri haijaondoka. Kuhusu shehena hiyo peke yake niliandika kurasa kumi na moja: uzito, muhuri, aliyetia saini, aliyepaswa kutia saini akawa mgonjwa.

Siku ya mchezo nikakohoa kidogo, nikatoa sauti yangu ya utambaji: "Behewa zima la risasi limepotea."

Kimya. Kisha mpwa wangu aliyekuwa mwindaji akaruka kutoka mkekani. "Behewa zima? Mjomba, hiyo si ni vita!" Kufumba na kufumbua mmoja alikuwa amekimbilia kwa DC, mwingine anauliza ni akina nani wenye magobori, wa tatu ananong'ona kwamba TANU imezaliwa Julai mwaka huohuo na wakoloni watawasingizia vijana wake. Walikuwa wameelewa risasi za bunduki. Mimi nililala na kuamka na madini hayo wiki tatu nzima, na hata mara moja haikunipitia akilini kwamba kwa Kiswahili, kilichochimbwa Uruwira na kinachotoka mtutuni vina jina moja.

Nikafanya kosa la mwenye daftari: nikawasahihisha. "Hapana, wanangu, si za bunduki. Ni madini. Yale mawe mazito." Moto ukazimika palepale. Wawili wakachukua simu zao. Nikaanza kuwasomea uzito wa shehena.

Aliyetuokoa ni binti wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekuwa akicheza kama karani wa stesheni. Alisema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe: "Basi na mwizi naye alidhani ni za bunduki."

Nililifunga kaunta buku. Saa mbili zilizofuata sijapata kuziona tena. Kumbe kulikuwa na mtu amejificha katika misitu ya miombo, ameihatarisha shingo yake kwa shehena ya mawe asiyoweza kuyala, kuyafyatua wala kuyauza, na ameahidi kumkabidhi risasi mtu mwingine ambaye hapendi utani. Walimhurumia kabla hawajamwona. Walipompata walibishana nusu saa kama wamkabidhi kwa polisi au wamfiche. Katika kwaya zangu tatu hapakuwa na hata sentensi moja ya jambo hilo.

Isipokuwa tatu. Nyuma ya ukurasa mmoja, kwa kalamu ya risasi (neno hilo tena!), nilikuwa nimeandika habari za mwizi: anadaiwa; mkewe mjamzito yuko kijijini Sitalike; anataka kuwa ndani ya treni ya alfajiri. Kila walichomuuliza nilikijibu kutoka kwenye mistari hiyo mitatu. Kwa nini umeiba? Anadaiwa. Kwa nini hukukimbia jana? Mke. Ukiachiwa utafanya nini? Treni.

Tangu usiku ule nina msimamo, nami nautetea mbele ya yeyote: andaa watu na haja zao, andaa kilicho karibu na pua ya mchezaji, na mwisho wa hadithi usiuandae kabisa.

Nimejiuliza kwa nini niliandika kurasa zote zile, na jibu halinipendezi. Sikuziandika kwa ajili ya vijana. Niliogopa kimya, ile dakika ambayo macho yote yanakugeukia nawe huna la kusema. Daftari lilikuwa ngao. Tatizo la ngao ya namna hiyo ni kwamba ukishaitengeneza unataka ionekane. Ni kama mwenyeji aliyewapikia wageni watatu sufuria sita, kisha anawakalia kooni wazimalize: ongeza basi, hujala, mbona hujagusa mchuzi? Mwendeshaji aliyechora pango lenye vyumba kumi na viwili atahakikisha mnaingia pangoni hata kama mlikuwa mnaelekea sokoni. Daraja litavunjika, mvua itanyesha, mzee atatokea njiani kuwaelekeza pangoni. Sisi wa Mpanda tunapaswa kulijua hili kuliko wengine. Dereva wa treni hana usukani. Anaweza kwenda, kusimama au kurudi nyuma, basi.

Nikisema hivi huletewa mfano wa J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, na ambaye alitumia miongo kutunga lugha, nasaba na historia za ulimwengu wa hadithi zake, nyingi zikachapishwa baada ya kufa kwake mwaka 1973. Ni kweli, na ni kazi ya ajabu. Lakini msomaji wa Tolkien hamkatizi. Hawezi kumwambia, "Mimi huko mlimani siendi, nitabaki hapa nifungue kibanda cha chai." Mchezaji husema hivyohivyo, tena dakika ya kumi. Kwenye kikao chetu cha pili walikaa stesheni jioni nzima kwa sababu mmoja alianza kupatana bei ya mahindi ya kuchemsha na mama mmoja niliyemtaja kwa kupita tu. Akamuuliza, "Mama, unaitwa nani?" Nilikuwa na majina ya machifu watatu, pamoja na baba zao. Jina la muuza mahindi sikuwa nalo.

Sasa wapo watakaosoma hapa na kufurahi: kumbe kuandaa ni kupoteza muda, tutatunga palepale. Nao nawakatalia. Likizo iliyofuata mpwa wangu aliomba aendeshe yeye, bila daftari, kichwani tu. Haikupita robo saa tukawa ndani ya baa ya mbao, nje theluji inaanguka, mfalme ametuita ngomeni. Theluji! Mkekani pale hakuna aliyewahi kuigusa. Simlaumu kijana. Kichwa kikishtukizwa hutoa kilicho juu, na kilicho juu ni filamu tulizokwisha kuziona. Cha kwetu kiko chini zaidi na hakiji kwa kuitwa mara moja. Sharti ukifuate mapema, ukitoe, ukiweke mkononi. Kwa hiyo mwendeshaji wa huku ana sababu ya kuandaa ambayo mwenzake wa Marekani hana. Yule akilegea anaangukia kwake. Sisi tukilegea tunaangukia kwake pia.

Swali basi ni kuandaa nini. Shaaban Robert alipoandika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, alitupa nchi inayoelea angani, na hakutuchorea ramani yake hata moja. Hatuambiwi watu wake wanachota maji wapi. Tunachopewa ni mahakama, mshitakiwa, waziri mwenye kijicho, na wajumbe waliotumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini, wakarudi na mema wakalipwa kifungo. Nchi isiyowezekana inasadikika kwa sababu kijicho cha waziri tunakijua, tumekiona ofisini. Mtaalamu yeyote wa kutunga dunia angemwambia Shaaban Robert kazi yake haijakamilika. Ingekuwa hasara kubwa kumsikiliza.

Au chukua mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Ule ulikuwa na maandalizi mazito nyuma yake, utafiti wa kweli kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na wahusika waliopangwa kwa makusudi, wa kuigwa, wa kuepukwa, na walio njia panda. Waliousikiliza enzi zile wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Wanamkumbuka kwa tamaa yake. Maandalizi yote yale yaliingia ndani ya watu. Penina Mlama na Amandina Lihamba nao, wakifanya sanaa za maonyesho kwa maendeleo vijijini tangu miaka ya 1980, walifuata njia inayokaribiana na hiyo: kwanza kaa na wanakijiji ujue linalowauma, kisha maneno ya jukwaani waachie wenyewe.

Kuna mkwaju mwingine, na huu ni mti. Uko kando ya Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi, na watu wa huku wanaujua kuwa makao ya mzimu wa Katabi, mwindaji wa hadithi ambaye jina lake ndilo jina la hifadhi na sasa la mkoa. Wapo wanaoacha sadaka shinani pake. Nilipokuwa naandaa nilitaka kumjazia Katabi mambo: umri, ndugu, silaha, udhaifu wake. Baadaye nikaona aibu. Wazee wamemtunza vizazi na vizazi kwa mambo machache mno, jina, mti na namna ya kumwendea, na hajawahi kuwaishia. Mimi ni nani nimwongezee jedwali la nguvu? Katika mfululizo wetu Katabi hajatokea wala hajasema neno. Vijana wakipita karibu na mti ule hushusha sauti, hata mkekani.

Sasa naandaa ukurasa mmoja, na sehemu yake kubwa si hadithi. Ni majira ya mwaka. Huku tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na ukishaamua kisa chako kiko masika au kiangazi, umeshaamua nusu ya mambo. Masika njia hazipitiki, mito imejaa, mtu anayetafutwa anaweza kujificha kilomita tano tu asifikiwe wiki nzima. Kiangazi mto Katuma hupungua mpaka viboko wanasongamana kwenye madimbwi yaliyobaki, mamia kwa mamia, wanagombea tope, na mamba wanajibanza kwenye mashimo ya kingo za mto. Mchezaji akiambiwa tu kwamba ni Septemba na lazima avuke Katuma usiku, huhitaji kumtungia jini. Kisha naandika umbali kwa miguu, si kwa kilomita: Sitalike ni mwendo wa siku nzima. Naandika kinacholiwa, ugali na migebuka iliyotoka Ziwa Tanganyika, asali ya Inyonga. Na majina kumi ya watu wasiokuwapo bado, ili muuza mahindi mwingine asinikute uchi.

Usahihi nao una mipaka yake. Kijana mmoja alitaka mhusika wake awe mfugaji wa Kisukuma mwenye ng'ombe mia mbili. Nilijua kwamba wafugaji wa Kisukuma waliingia huku kwa wingi miaka mingi baada ya 1954, na ulimi uliniwasha. Nilikumbuka ule moto uliozimika. Nikamwambia, sawa, ni wewe peke yako, na hakuna anayeelewa umefikaje. Mpaka leo ndiye mhusika mwenye kisa kizuri kuliko wote.

Lakini kuna mahali nisipolegea, na hapo maandalizi ni adabu kabla ya kuwa ufundi. Babu yake mmoja wa wachezaji wetu alikuja kutoka Burundi mwaka 1972, akikimbia mauaji, akaanza maisha upya katika makazi ya wakimbizi ya Katumba. Wengine walipelekwa Mishamo. Walikata pori, wakalima, wakazaa. Wengi wao walisubiri hadi mwaka 2014 ndipo wakaanza kupewa vyeti vya uraia. Wazo la kuusogeza mfululizo wetu hadi miaka ile lilitajwa mkekani, kwa shauku. Nilikataa kuendesha mpaka kijana yule amwulize babu yake, na mpaka mimi mwenyewe nijue zaidi ya nilivyojua. Muuza mahindi unaweza kumbuni papo hapo. Kilio cha watu walio hai, ambao unakutana nao sokoni Jumatatu, huwezi kukibuni. Mwendeshaji anayesema "tutaona itakavyokuwa" kuhusu jambo kama hilo ni mzembe, hata awe fundi namna gani.

Na ipo kazi ambayo hakuna aliyenitahadharisha nayo: kuandika baada ya kikao. Lile kaunta buku sasa linajaa kutokea upande wa pili. Nilipobanwa, yule mama muuza mahindi nilimwita Maria, nikamwambia mchezaji kwamba mwanawe yuko mgodini. Limeshasemwa, limekuwa kweli, na wiki nne baadaye binti wa jirani akauliza, "Mwana wa mama Maria alikuwa zamu usiku ule behewa lilipopotea?" Nisingekuwa nimeandika ningeumbuka. Mfululizo mrefu hujengwa na kumbukumbu ya yaliyokwisha kutamkwa mkekani, na wachezaji hukumbuka kuliko mwendeshaji. Vincent na Meguey Baker, Wamarekani walioandika mchezo uitwao Apocalypse World mwaka 2010, wanamwagiza mwendeshaji wazi asipange mkondo wa hadithi kabla. Nakubaliana nao, ila ningeongeza kwa wino mwekundu kwamba asiyepanga kabla sharti awe karani mzuri baada.

Mtu ataniambia kujaza daftari ni raha yenyewe, hata kama hakuna atakayelisoma. Sibishi. Nililijaza kwa raha, na zile nasaba za machifu watatu bado nazisoma nikikosa usingizi. Niziite tu kwa jina lake: ni uandishi wangu, si maandalizi ya mchezo wa watu.

Kilichobaki ni ombi. Ninachokosa kwa ajili ya Mpanda ya 1954 sikipati kwenye simu ya mpwa wangu. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi Uruwira kabla mgodi haujafungwa, au bibi aliyewauzia chakula vibarua, kaeni naye wikiendi hii. Msimwulize historia ya mkoa. Mwulizeni walilipwa siku gani ya wiki, walikula nini mchana, stesheni ilinukia nini treni ikiingia, na muuza mahindi alikuwa akiitwa nani hasa. Liandikeni mtakalolipata. Kwangu kaunta buku bado lina kurasa nyeupe katikati.